Kifaa cha kutazamia picha za kamera ya mtego porini: anza na kadi, kioo kitafuata

Swali ni lilelile, hubadilisha nguo tu: nitazamie kwa kifaa gani picha za kamera ya mtego, ile inayojipiga picha yenyewe mnyama akipita? Mtu amenunua tableti nzuri, amefika kwenye mti alikofunga kamera, amechomeka kadi, na tableti haioni kitu. Mwingine kadi imesomeka na picha zipo, ila jua la saa saba limegeuza kioo kuwa cha kujitazamia uso. Wa tatu ndiye anayeniuma zaidi: simu ilimwambia kadi ina hitilafu, ikauliza iirekebishe, akabonyeza ndiyo. Picha za miezi miwili zikaondoka kwa kidole kimoja.

Wote watatu walichagua kifaa kwanza, kisha wakaomba kadi ikubali. Kazi hii huenda kinyume chake. Kadi ndiyo inayochagua kifaa, jua ndilo linalochagua kioo, na jina la kampuni lililoandikwa mgongoni hutazamwa mwisho kabisa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi iliyotoka kwenye kamera yako, yenye picha na video halisi za mchana na za usiku. Kadi mpya au yenye picha za harusi haitakuambia kitu.
- Nakala ya yote yaliyomo, imehifadhiwa kwenye kompyuta. Utaichomeka kadi hiyo kwenye vifaa usivyovijua, kwa hiyo ichukulie kama imeshapotea.
- Kadi ya pili ya ukubwa uleule.
- Kitabu cha maelekezo cha kamera, hasa ukurasa unaotaja ukubwa wa kadi na aina ya video.
- Kisoma kadi, hata cha kuazima.
- Kiboksi kigumu cha kuwekea kadi. Mfuko wa shati si kiboksi.
- Karatasi, kalamu, na uwanja wenye jua kali.

## Hatua ya 1: Isome kadi kabla hujasoma tangazo lolote

Chomeka kadi kwenye kompyuta uandike mambo manne.

Umbo. Kamera nyingi hutumia kadi kubwa ya SD, milimita 32 kwa 24. Baadhi hutumia microSD, milimita 15 kwa 11, ambayo ikianguka kwenye majani makavu utaitafuta mpaka jioni. MicroSD hutoshea kwenye tundu kubwa kwa kutumia adapta, lakini kadi kubwa haiingii kwenye simu yoyote bila kisoma kadi.

Ukubwa na mpangilio. Kadi kuanzia juu ya GB 2 hadi GB 32 huitwa SDHC, na kwa kawaida hupangwa kwa FAT32, yaani namna ya kupanga faili ndani ya kadi. Zikivuka GB 32 huitwa SDXC, nazo hupangwa kwa namna nyingine, exFAT. Tofauti hii ndiyo chanzo cha vilio vingi vya “kifaa hakioni kadi”. FAT32 husomwa na karibu kila kitu. ExFAT husomwa na kompyuta zote za leo na iPhone, lakini ziko simu za Android na vitazamio vidogo vinavyoikataa. Kifaa kikiikataa husema kadi imeharibika, na hapo ndipo watu hubonyeza ndiyo.

Aina ya faili. Fungua folda ya DCIM, ambamo kamera huweka picha na video. Picha karibu zote zitakuwa JPG, nazo hazina shida. Tazama video: zinaishia na AVI, MOV au MP4? Herufi hizo ni jina la kasha tu. Ndani ya kasha video imebanwa kwa namna yake, na namna hiyo ndiyo inayoamua kama itacheza. Kamera za zamani hupenda AVI iliyobanwa kwa MJPEG: faili nzito, na iPhone haiichezi bila programu ya ziada. Nyingi za sasa hutumia H.264, inayochezwa karibu kila mahali. Baadhi zimehamia H.265, ambayo hupunguza uzito wa faili lakini kwenye kifaa cha zamani hukwamakwama, sauti ikitangulia picha. Kujua iliyomo, ifungue video kwa VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta uangalie taarifa za kodeki, yaani hiyo namna ya kubana.

Wingi. Faili ngapi, GB ngapi, kwa muda gani. Folda ya picha 90 na folda ya picha 6,000 ni kazi mbili tofauti kabisa, na kifaa kinachofaa moja huweza kukutesa kwenye nyingine.

Onyo. Kadi kubwa ina kitelezi kidogo ubavuni kilichoandikwa LOCK. Kisukume kifunge kadi kabla hujaichomeka kwenye kifaa cha mtu. Visoma kadi vingi hukiheshimu kitelezi hicho. Vingine havikijali, ndiyo maana nimetaka uwe na nakala. Na ukishamaliza, kirudishe. Mimi nilikisahau mara moja: kamera ikakaa wiki tatu juu ya mti ikilinda njia ya wanyama, ikiona kila kitu, isiandike hata picha moja.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika mstari kama huu: *SD kubwa, GB 64, exFAT, JPG na MP4 ya H.264, faili 1,140, GB 16 kwa mwezi.* Ukienda dukani, mstari huo ndio utakaouliza maswali kwa niaba yako.

## Hatua ya 2: Amua utafanya nini pale chini ya mti

Watu husema “kutazama picha” wakimaanisha kazi tatu. Ya kwanza ni kuhakiki kwamba kamera inaelekea mahali sahihi na saa yake haijapotea. Ya pili ni kuona kilichopita, ili uamue kama utaiacha kamera hapo au utaihamisha. Ya tatu ni kunakili kila kitu ili kadi irudi tupu.

Kama kazi yako ni ya kwanza tu, au kama una kadi mbili na nyumbani si mbali, huenda huhitaji kununua chochote. Toa kadi iliyojaa, weka tupu, ondoka. Kadiri unavyokaa hapo ndivyo unavyoacha harufu na kelele, na mnyama uliyemfuata ndiye wa kwanza kugundua.

Weka alama kwenye kazi yako moja, kisha endelea.

## Hatua ya 3: Chagua kundi la kifaa

### Kioo cha kamera yenyewe

Kamera nyingi zina kioo kidogo cha takriban inchi 2 ndani ya mlango. Kinatosha kuhakiki mwelekeo. Usikitumie kuhukumu ukali wa picha: kila kitu kwenye inchi mbili huonekana kikali.

### Kitazamio maalumu cha kadi

Hiki ni kidude chenye kioo cha inchi 4 au 5, tundu la kadi na vitufe. Hakina simu wala intaneti. Uzuri wake ni kwamba huwaka haraka, na vitufe hufanya kazi ukiwa umevaa glavu au mikono ina matope.

Lakini soma maandishi madogo ya boksi. Vingi hukomea GB 32. Vingine vinaonyesha picha tu, au hucheza AVI na kuikataa MP4. Folda ikiwa na maelfu ya picha hujikongoja, na ukikuza picha kumtazama mnyama aliyesimama nyuma ya kichaka, unapata miraba. Maoni yangu: kinafaa kwa mtu anayepiga picha tu, bila video, tena chache, kwenye kadi ndogo. Mwenye video akiache rafuni.

### Simu uliyo nayo mfukoni

Kwa watu wengi jibu ni hili, na kilichobaki ni kununua kisoma kadi.

Kwenye Android, simu lazima ikubali OTG, yaani uwezo wa kusoma vitu vilivyochomekwa kwenye tundu la chaji. Nyingi huikubali, chache hutaka uiwashe kwanza kwenye mipangilio, na baadhi huizima tena yenyewe baada ya dakika chache. Kama kadi yako ni exFAT, usikisie. Chomeka uone.

Kwenye iPhone, programu ya Files imekuwa ikisoma diski na kadi za nje tangu iOS 13 ya mwaka 2019. iPhone 15 ya mwaka 2023 na zilizofuata zina tundu la USB-C. Zilizotangulia zina Lightning na huhitaji kisoma kadi chake. Hapa kuna mtego mdogo: ukichomeka kadi, programu ya Photos hujitokeza na kukutaka uingize picha, na video isiyoijua haitaonyesha. Mtu akidhani kamera haikurekodi, mara nyingi faili zipo, zimefichwa na Photos. Nenda Files, fungua DCIM, kisha ifungue video kwa VLC, ambayo ni ya bure kwenye iPhone na kwenye Android.

Onyo kwa wenye microSD. Simu ikiwa na tundu lake la kadi, usiitie humo kadi ya kamera. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, baadhi ya simu hukupa chaguo la kuifanya kadi kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani. Ukikubali, kadi hufomatiwa, yaani hufutwa yote na kupangwa upya, na kufungwa kwa simu hiyo peke yake. Tumia kisoma kadi cha nje kila mara.

### Tableti

Nunua tableti kwa sababu mbili tu: mnatazama watu wawili au zaidi kwa pamoja, au video ndiyo kazi yako kubwa. Kioo cha inchi 8 hutosha na huingia mfuko wa koti. Cha inchi 11 ni kizuri mezani, porini ni sahani ya kubeba kwa mikono miwili huku mbu wakikusubiri.

### Laptopu

Ukiwa na kamera nyingi na picha kwa maelfu, swali si kutazama tena, ni kuchambua. Upepo ukitikisa tawi mbele ya kamera mchana kutwa, utapata picha 2,000 za tawi na moja ya chui. Programu kama MegaDetector, ambayo hutenga picha zisizo na kitu na zile zenye mnyama, mtu au gari, huendeshwa kwenye kompyuta. Laptopu ibaki kwenye gari au kambini. Sijaona mtu aliyeifungua kwenye nyasi akafurahi.

### Kamera za waifai

Kamera ya namna hii huamshwa na simu kwa Bluetooth, kisha hufungua waifai yake ya masafa mafupi. Ni nzuri kwa kamera iliyofungwa juu sana. Ila unakula betri ya kamera, na kuhamisha video nyingi huchukua muda mrefu. Simu nayo ikiona waifai hiyo haina intaneti hukimbilia data ya mtandao wa simu, na kamera inapotea. Zima data kabla hujaunganisha.

Utajua umefaulu ukibaki na kundi moja, na sababu yake unaweza kuieleza kwa mstari wako wa Hatua ya 1.

## Hatua ya 4: Usiwe bahili kwenye kisoma kadi

Hiki ni kitu kidogo kuliko vyote na ndicho kinachoharibu safari nyingi. Tafuta chenye waya mfupi badala ya kile kigumu kinachojitokeza kwenye simu kama pembe. Kigumu kikigongwa na goti lako, kinachovunjika ni tundu la simu.

Angalia kasi pia. Kisoma kadi cha USB 2.0 kwa vitendo hupitisha kama MB 30 kwa sekunde. GB 16 zitachukua karibu dakika 9. Cha USB 3.0, kikiwa na kadi na simu zenye kasi inayolingana, kinaweza kushusha hadi dakika 3 hivi. Lakini simu yenye tundu la USB 2.0 haiharakishwi na kisoma kadi chochote. iPhone 15 ya kawaida, kwa mfano, imebaki kwenye kasi hiyo ingawa tundu lake ni USB-C.

Kama unatazama tu bila kunakili, kasi isikusumbue.

Utajua umefaulu ukichomeka na kuchomoa mara kumi, na mara zote kumi folda ya DCIM ikafunguka. Ikifunguka mara tisa tu kati ya kumi, hicho ni kisoma kadi kibovu.

## Hatua ya 5: Kipeleke kioo juani, na picha ya usiku

Hapa ndipo watu hudanganyika zaidi, kwa kuwa dukani kuna taa na kivuli, na muuzaji huonyesha maua.

Jua la mchana huangusha takriban laksi 100,000, laksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Kioo hushindana nalo kwa mwangaza unaopimwa kwa niti. Laptopu nyingi za kawaida zina niti 250 hadi 300: juani hazisomeki. Niti 500 hutosha kivulini. Kwa jua la wazi tafuta 1,000 au zaidi. Kuwa mwangalifu na tarakimu kubwa za tangazo, maana nyingine hupatikana kwenye kipande kidogo tu cha kioo na kwa sekunde chache.

Fanya jaribio hivi:

1. Fungua picha ya usiku iliyopigwa kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, ile ya kijivu. Picha ya mchana yenye rangi kali hupita mtihani hata kwenye kioo kibovu.
2. Pandisha mwangaza mpaka mwisho, toka nje saa sita mchana, simama jua likiwa nyuma yako.
3. Tafuta kitu hafifu kwenye picha: sikio nyuma ya majani, mkia, mguu wa nyuma.
4. Hesabu sekunde. Ukikiona ndani ya sekunde tano, kioo kinafaa. Ukianza kuinamisha shingo na kuziba kwa kiganja, hakifai.
5. Kaa hapo dakika 10 kisha urudie.

Hatua hiyo ya mwisho si ya kuruka. Kifaa kikipata joto hujipunguzia mwangaza chenyewe ili kisiungue, na huwezi kukizuia. Apple hutaja nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi kuwa joto la hewa la kutumia iPhone na iPad, na simu iliyoachwa juani kwenye kava jeusi huvuka hapo upesi. Nimeona simu iliyokuwa iking’aa vizuri ikizimika taratibu mkononi, mwenyewe akidhani macho yake ndiyo yamechoka.

Kama unavaa miwani ya jua ya polaraizi, ile inayopunguza mng’aro, vaa wakati wa jaribio. Zungusha kifaa wima na mlalo. Vioo vingine hugeuka vyeusi kabisa upande mmoja, na kama upande huo ndio unaotazamia video, bora ujue leo.

Kioo kikikaribia kufaulu bila kufaulu, dawa ni kivuli. Nimewahi kutazama kadi nzima nimejifunika koti kichwani kama wapiga picha wa zamani. Jasho lilikuwa jingi, lakini pundamilia niliwahesabu.

## Hatua ya 6: Maji, vumbi na umeme

Herufi IP hufuatwa na tarakimu mbili: ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP67 ina maana vumbi haliingii na kifaa hustahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Ni kinga nzuri. Kumbuka tu kwamba tundu likiwa na kisoma kadi mvua ikinyesha, umeme unapita kwenye chuma kilicholowa. Kausha kwanza, chomeka baadaye, hata kama boksi linasema IP68.

Pawabanki ya mAh 10,000 hutosha safari ya siku moja kwa simu. Simu yenye tundu moja ina tatizo lake: kisoma kadi kikiingia, chaji haina pa kupita. Ama uwe na kisoma kadi chenye tundu la pili la chaji, ama ujaze simu kabla hujafika.

Kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0 betri hupungua ghafla. Beba simu karibu na mwili, na usiichaji mpaka ipate joto.

## Hatua ya 7: Safari ya kwanza

Usianze na kamera ya mbali. Anza na iliyo karibu, ambayo ukikosea utarudi.

Fika, zima kamera ndipo utoe kadi. Ukiitoa ikiwa inaandika, faili ya mwisho huharibika na wakati mwingine orodha nzima. Weka kadi ya pili papo hapo, kabla hujatazama chochote. Kisha sogea kivulini, mbali na mbele ya kamera.

Funga kitelezi cha LOCK, chomeka, fungua DCIM. Tazama picha ya mwisho kabla ya ya kwanza: inakuonyesha kama kamera bado ilikuwa hai na kama tarehe yake ni sahihi. Ikisoma Januari 1 ya mwaka usiohusika, betri ziliisha na saa ikaanza upya.

Kama unanakili, linganisha idadi: faili 1,140 kwenye kadi, faili 1,140 kwenye kifaa. Kisha fungua tatu, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Video iwe mojawapo.

Onyo la mwisho, na ndilo kubwa. Kifaa kikisema kadi ina hitilafu na kikiomba kuifomati, chomoa. Usibonyeze hata “baadaye”. Rudisha kadi kwenye kiboksi, itazame kwenye kompyuta nyumbani. Mara nyingi kadi ni nzima. Kifaa ndicho kisichoijua exFAT.

Usifute picha mojamoja kwa simu, wala kwa kompyuta. Simu huacha folda zake kwenye kadi, na Mac huweka vilivyofutwa kwenye folda iliyofichwa inayoendelea kula nafasi. Ukishahakikisha nakala, fungua LOCK na uifomati kadi ndani ya kamera yenyewe, kwa menyu yake.

Kabla ya kuondoka, weka kamera kwenye hali ya majaribio na upite mbele yake kwa mwendo wa kawaida. Taa ndogo ikimweka, iwashe kamera kwa kazi, funga mlango wake, na uondokee upande wa nyuma ya mti.